Miwani ya VR kwa mtoto anayechomwa sindano au kuoshwa kidonda: mwongozo wa wodini

Miwani ya VR, yaani ya uhalisia pepe inayomwonyesha anayeivaa ulimwengu wa picha uliomzunguka, si dawa ya maumivu. Kazi yake ni kuyateka macho, masikio na mawazo ya mtoto kwa pamoja, ili ubongo ubakiwe na nafasi ndogo ya kuyashughulikia maumivu. Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walianza kuitumia kwa wagonjwa wa moto mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliwatengenezea ulimwengu wa barafu uitwao SnowWorld, mgonjwa akirusha mabonge ya theluji huku kidonda kinaoshwa. Mwaka 2004 Hoffman na wenzake walipiga picha za ubongo za watu wazima wenye afya wakati wakiunguzwa kidogo mguuni kwa joto lililopimwa. Walipovaa miwani, sehemu tano za ubongo zinazohusika na maumivu zilipunguza kazi.

Kwa watoto ushahidi upo lakini hauna nguvu ambayo wauzaji wa vifaa wanaisema. Uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio 17 yenye watoto 1,008 wa miaka 4 hadi 18, na waandishi wake wakasema wazi kwamba uhakika wa matokeo ni mdogo. Kwa hiyo miwani inaongezwa juu ya dawa, haiwekwi mahali pa dawa. Wodi ambayo paracetamol na morphine ya kunywa zinakatika kila mwezi imalize tatizo hilo kabla ya kufikiria kununua miwani.

Nani avae, nani asivae

Umri mwepesi ni miaka 6 hadi 15. Meta, watengenezaji wa miwani ya Quest, wameweka umri wa chini kuwa miaka 10. Ukimvalisha mdogo zaidi, uamuzi huo ni wa daktari na mzazi, uandikwe kwenye faili, na muda usizidi dakika 10 hadi 15 kwa mara moja. Chini ya miaka 4 usihangaike: kichwa hakishiki mkanda, na mtoto haelewi kwamba anachokiona hakimo chumbani. Huyo ana njia zake, tutazigusa mwishoni.

Usimvalishe mtoto aliyewahi kupata kifafa. Usimvalishe aliyeumia kichwa karibuni, mwenye kichwa kikubwa kwa kujaa maji au mrija wa kutoa maji kichwani, aliyeungua uso au masikio, anayetapika, au ambaye fahamu zake haziko sawa. Mwenye macho mekundu, chawa, mashilingi (mapunye) kichwani, upele, surua, tetekuwanga au TB ya kuambukiza naye asubiri hadi apone. Aliyepewa ketamine pia hahitaji miwani: ameshalala kwa dawa, na wewe unahitaji kuuona uso wake wote na kuifikia njia yake ya hewa bila kizuizi.

Swali la kifafa liulizwe kwa dalili. Ukitaja degedege, baadhi ya wazazi wanaliona si jambo la hospitali na watakujibu "hapana" haraka. Uliza hivi: "Mama Neema, huyu mwanetu aliwahi kukakamaa, kutupa mikono na miguu, au kupoteza fahamu, hata akiwa na homa tu?" Akisema ndiyo, miwani inabaki kabatini mpaka daktari amhoji. Kwa mtoto mwenye selimundu uliza pia kama aliwahi kupooza upande mmoja au kushindwa kuongea ghafla, kwa sababu kiharusi kwa watoto hawa si kitu cha nadra na degedege huweza kukifuata.

Kifaa chenyewe

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni miwani inayojitegemea, kama Quest au Pico. Ya pili ni kasha la plastiki la kuchomeka simu, linalopatikana Kariakoo kwa bei ndogo. Kasha linafaa kuanzia, ila kuna mtego: simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, kihisi kinachotambua simu inapogeuka, na bila hiyo picha haifuati kichwa kinapogeuka, au inafuata kwa kuchelewa hadi mtoto anapata kichefuchefu. Kabla hujalipa, fungua video yoyote ya nyuzi 360, yaani inayoonyesha pande zote, kwenye YouTube, inua simu, zunguka taratibu. Picha ikizunguka nawe, simu inafaa. Ikiganda, tafuta nyingine. Simu ya kazi hii iwe haina laini, au iwekwe hali ya ndege, maana meseji ya muamala ikiingia katikati ya samaki na matumbawe, mtoto amesharudi chumbani.

Miwani inayojitegemea ina uzito wa karibu nusu kilo. Kwa shingo ya mtoto wa kilo 18 huo ni mzigo, ndiyo maana akae ameegemea au alale na mto. Betri hudumu saa mbili hivi, ikichakaa inapungua. Chaja nyingi zinakuja na plagi ya Marekani, kwa hiyo nunua adapta nzuri ya pini tatu, na weka benki ya umeme ya mAh 10,000 yenye chaji ya haraka. Umeme ukikatika saa tatu asubuhi, foleni ya kliniki haitakusubiri.

Dar ina tatizo lake: joto na unyevu. Watengenezaji wengi wanataja nyuzi joto 35 kuwa kikomo cha kifaa kufanya kazi, na chumba cha vidonda kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari hukifikia bila shida. Kifaa kikipata joto hujizima chenyewe. Ukitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi na kuingia wodini, lenzi zinafunga ukungu. Itoe miwani dakika 15 kabla ili izoee hewa ya chumba, na feni ielekezwe usoni kwa mtoto. Usiiache dirishani hata kidogo. Lenzi zinakusanya jua na kulimwaga kwenye skrini, na doa linalobaki halitoki tena.

Umbali kati ya lenzi mbili ni jambo ambalo wengi hawaligusi. Quest 2 ina nafasi tatu: milimita 58, 63 na 68. Mtoto aanze na 58, na wa miaka 6 hata hiyo ni pana kwake. Quest 3 ina gurudumu, lizungushe hadi mwisho wa chini kisha umuulize. Mtoto akisema "naona mbilimbili" au akifumba jicho moja, rudi kwenye lenzi, usimwambie atazoea.

Mipangilio ifanywe siku moja kabla, si mbele ya mgonjwa. Pakua kila kitu ndani ya kifaa ili usitegemee bando. Zima masasisho ya kujiendesha. Kwenye kifaa chagua mpaka wa mtumiaji anayekaa mahali pamoja. Hakikisha unajua kitufe cha kurudisha picha katikati, kwa sababu mtoto akilala chali ulimwengu wote unabaki ukutani miguuni kwake na yeye anaangalia anga tupu. Ukishamlaza, ashike kichwa anavyotaka kukishika, kisha wewe ubonyeze kitufe hicho kwa sekunde chache hadi picha ije mbele ya macho yake. Akaunti iwe ya wodi, isiwe ya simu ya muuguzi mmoja. Usirekodi wala kuhifadhi sura au jina la mtoto humo ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihusu hospitali kama inavyoihusu benki.

Picha za kuweka

Chagua tatu tu. Ukimpa mtoto orodha ya kumi, dakika zako zinaisha akichagua. Sifa za picha nzuri ni hizi: mtazamaji amekaa au anasogea polepole sana, mambo yote muhimu yanatokea mbele yake, na inadumu kuliko kazi yenyewe. Kwa kanula, kile kibomba laini kinachobaki kwenye mshipa, weka ya dakika 15, kwa kuosha kidonda weka inayojirudia bila kukatika. Treni za kupanda na kushuka kwa kasi zifutwe kabisa. Macho yanasema tunakimbia, sikio la ndani linasema tumekaa, na mtoto aliyekuwa na njaa tangu asubuhi anatapika.

Mchezo ambao mtoto anafanya kitu unashika mawazo kuliko video ya kutazama tu, ilimradi uchezwe kwa kuelekeza macho au kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ni wako. Tafuta wenye maelezo ya Kiswahili. Ukikosa, zima maneno, acha muziki, na wewe uwe msimulizi. Kila picha itazame mwenyewe mpaka mwisho kabla ya kumpa mtoto. Video nyingi za baharini zina papa mahali fulani dakika ya tisa.

Dawa na ganzi kwanza

Mtoto wa kilo 20 anayeenda kuoshwa kidonda: paracetamol miligramu 15 kwa kilo ni miligramu 300, yaani mililita 12.5 za sirapu ya miligramu 120 kwa mililita 5. Apewe dakika 30 hadi 60 kabla, na kwanza uliza kama mama hajampa nyumbani asubuhi. Kidonda kikubwa kinahitaji zaidi ya hapo, na kipimo cha morphine ni cha daktari. Ganzi ya lignocaine 1% isiyo na adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kilo, sawa na mililita 0.3 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni mililita 4.5. Krimu ya ganzi, kama ipo, inataka saa nzima chini ya plasta.

Kosa la kawaida ni kumpa dawa mlangoni kisha kuanza mara moja kwa kuwa "miwani ipo". Dawa inaanza kufanya kazi wakati kidonda kimeshafungwa.

Dakika kumi za kabla

Hapa ndipo miwani inapofaulu au kushindwa, na ndipo wodi zenye haraka hukata muda. Mtoto asiyeijua miwani akivalishwa ghafla huku watu wawili wamemshika, kwake imekuwa kitambaa cha kumfunga macho. Ataing'oa, na hatakubali tena.

Anza na mzazi, akiwa pembeni. Mwonyeshe, avae yeye kwanza, acheke kidogo. Mtoto akimwona mama yake ameivaa na hakuna kilichompata, nusu ya kazi imekwisha. Kisha mpe mtoto aishike mkononi, aichungulie bila kufunga mkanda. Ndipo umvalishe: legeza mikanda yote, tanguliza paji la uso, shusha mkanda wa nyuma hadi chini ya kile kinundu cha kisogo, halafu kaza wa juu. Wa pembeni ukazwe mwisho, na kidogo. Msichana aliyesukwa mafundo kisogoni, mkanda upite chini ya mafundo. Mwenye hijabu hana haja ya kuivua. Mkanda unakaa juu ya kitambaa, ila pembeni mwa macho kitambaa kirudishwe nyuma ili mwanga usipenye.

Sauti iwe ya kiasi ambacho bado anakusikia ukiongea kawaida. Acheze dakika mbili au tatu bila kitu chochote kufanywa.

Wakati huohuo mwulize jambo moja: "Nikikaribia kuchoma, nikwambie au nisikwambie?" Wapo wanaotaka kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Wapo wanaotaka usiseme neno. Fuata alichosema. Usimwambie haitauma; mwambie "utasikia kama kufinywa, kisha rudi kwa samaki wako". Na mkubaliane ishara, kwa mfano kunyanyua mkono wa pili, ambayo ukiiona unasimama. Kama hutaweza kusimama, usimwahidi.

Kuweka kanula

Weka tayari kila kitu kabla miwani haijavaliwa: kanula ya 22 au 24, kamba ya kufungia mkono, pamba, spiriti, plasta zilizokatwa, bomba la kusafishia. Mshipa utafute mapema pia, mtoto akiwa anaona. Chagua mkono asioutumia kuandika.

Akae mapajani kwa mzazi, kifua kwa kifua au mgongo kwa kifua, mkono unaochomwa umepita chini ya kwapa la mzazi. Hakuna kumlaza na kumkandamiza. Mtu mmoja tu ndiye anayeongea na mtoto. Mwingine anafanya kazi kimya. Chumba chenye sauti nne za "jikaze, mwanaume halii" kinafuta kila ulichokijenga.

Kwa kuwa haoni, kila mguso usiotajwa unamshtua. Weka kiganja chako kwenye mkono wake, kikae hapo, ndipo ufunge kamba. Sema "sasa kuna ubaridi" kabla ya spiriti, na uisubiri ikauke sekunde 30. Sindano ikipita kwenye spiriti mbichi inawasha, na hilo ni maumivu ambayo hayakuwa na sababu. Msimulizi aulize maswali yanayohitaji jibu: "Kasa yuko wapi? Nionyeshe kwa kichwa. Wamefika wangapi?" Asiulize "inauma?" wala "uko salama?". Choma akiwa anahesabu.

Ukikosa mshipa mara mbili, kabidhi kwa mwenzako mwenye mkono mwepesi zaidi. Miwani huwatia watu ujasiri wa kuendelea kuchokoa kwa sababu mtoto ametulia, na huo ni matumizi mabaya ya utulivu wake. Kanula ikishafungwa plasta, mwache aendelee dakika moja au mbili kabla ya kuivua.

Kuosha kidonda cha moto

Chai, uji na maji ya moto ndivyo vinavyoleta wengi wa watoto hawa, na wengi wako chini ya umri wa miwani. Kwa wanaofaa, changamoto ni muda. Hakuna mtoto atakayebaki ametekwa dakika 40 na picha moja. Gawa kazi: kuondoa bandeji na kulowanisha gozi vifanyike bila miwani, kwa maongezi tu. Gozi iliyokauka imwagiwe salini ya vuguvugu, isubiriwe dakika 10 hadi 15 ijiachie, isivutwe. Miwani ivaliwe kabla ya kusafisha kidonda chenyewe, yaani pale panapouma zaidi. Ukiianzisha tangu mlangoni, utakapofika hapo ameshaichoka.

Miwani na maji havipatani. Kama kidonda kinaoshwa kwa kumwagiwa maji kwenye beseni kubwa au bafuni, tumia spika ndogo na hadithi. Kuwe na mtu wa kuangalia tu: FLACC, kipimo cha kutazama uso, miguu, utulivu, kilio na kubembelezeka, hapa kinapungukiwa kwa sababu nusu ya uso imefunikwa. Tazama vidole vya miguu vinavyojikunja, ngumi, mabega yanayopanda, na pumzi iliyobanwa. Rangi ya midomo ndiyo itakayokuonyesha anayetaka kuzirai, na kipima oksijeni kiwe kidoleni.

Sindano ya mgongo

Mtoto amelala ubavu, amejikunja, na hatakiwi kutikisika. Mkanda wa pembeni unabana sikio la chini, na picha ya nyuzi 360 inamshawishi ageuze shingo wakati mbaya kuliko wote. Tumia ya nyuzi 180, ambayo nyuma yake hakuna kitu, na kasha jepesi la simu badala ya miwani nzito. Weka mto uliokunjwa chini ya shavu ili miwani ining'inie hewani. Ikishindikana, tableti iliyoshikwa na mzazi sentimita 40 mbele ya macho inatosha, na mara nyingi ndiyo chaguo bora.

Akiing'oa

Usimlazimishe. Simama, mpe maji, mwulize nini kimemkera. Mara nyingi jibu ni dogo: jasho, mkanda, picha imepinda, giza la kushtukiza kifaa kilipojizima. Rekebisha, mpe mara moja nyingine. Akikataa tena, endelea kwa njia ya kawaida. Akisema kichwa kinazunguka, vua mara moja, afumbe macho, na siku hiyo asivalishwe tena.

Usafi na kumbukumbu

Sponji inayogusa uso inanyonya jasho na haisafishiki. Ibadilishe kwa ya silikoni kabla ya mgonjwa wa kwanza, na kila mtoto avae kinga ya karatasi ya kutupa. Baada ya kila mtoto, futa silikoni, plastiki na mikanda kwa kitambaa chenye alkoholi 70%, iache ikauke yenyewe. Lenzi hazipakwi alkoholi, inakula utando wa juu. Tumia kitambaa laini kikavu. Miwani isiende kutoka kitanda hadi kitanda bila hatua hiyo hata kama watoto wote wodini wanaililia, na wataililia.

Dakika chache baada ya kazi, mpe mtoto picha ya nyuso sita, ile ya alama 0, 2, 4, 6, 8 na 10, aonyeshe maumivu yalivyokuwa. Andika alama, dawa na saa iliyotolewa, picha aliyotazama, muda, na kama alipata kichefuchefu. Alama ikiwa 6 au zaidi, safari ijayo dawa iongezwe kwa ushauri wa daktari. Usibadilishe mchezo ukadhani umetatua. Kabati lifungwe, na daftari la kutoa na kurudisha liwe na sahihi mbili.

Kwa aliye chini ya miaka 4, kunyonya, kukumbatiwa na mapovu ya sabuni ya kupuliza vinafanya kazi. Kwa mtoto mchanga, matone machache ya maji ya sukari ya hospitali yawekwe kwenye ulimi dakika mbili kabla ya sindano.